Maji Yanayodondoka Katika Bomba la Moshi

Ndugu wasomaji, juma lililopita tuliahidi kuendelea na mazungumzo yetu juu ya malezi ya vijana. Tunaomba radhi, ahadi hiyo tutaitimiza juma lijalo, inshaallah. Leo tumelazimika kuzungumzia jambo ambalo kwa kulitazama juu juu halifanani na kurasa za familia, nalo ni hita ya maji itumiayo gesi, na maji yanayoonekana katika bomba lake la moshi. Tumelazimika kwa sababu jambo hili limetufika wenyewe, katika nyumba ambayo jumuiya yetu hapa Columbus, Ohio, iliinunua na kuifanya msikiti. Tena tulipolieleza baada ya sala ya Ijumaa, familia kadhaa zilisema kuwa nazo zimeyaona maji hayo majumbani mwao na hazikumwambia mtu.

Wengi wetu tumekulia katika nchi ambazo nyumba haihitaji dohani. Tumefika huku tukakabidhiwa funguo, na chini ya nyumba tukakuta mitambo ambayo hatukufundishwa kuitumia. Kutojua si aibu. Lakini kuona dalili na kuifunika ni kosa, na kosa hilo sisi tumelifanya.

Ndoo ya Januari

Nyumba yetu hiyo ni ya matofali, ya zamani, kama zilivyo nyumba nyingi za mtaa ule. Juu kuna ukumbi wa kusalia. Chini, katika chumba cha chini ya ardhi ambacho huku kila mtu hukiita besimenti, kuna mahali pa kutawadhia, kuna darasa la madrasa la Jumamosi na Jumapili, na nyuma ya mlango mdogo wa mbao kuna kijichumba chenye tanuri la kupashia nyumba joto pamoja na hita ya maji. Hita yenyewe ni pipa refu lichukualo lita 150 hivi. Moto wa gesi huwaka chini yake. Moshi hupanda kwa njia ipitayo katikati ya pipa, hutokea juu chini ya kofia ndogo ya bati, huingia katika bomba la bati, na bomba hilo huupeleka kwenye dohani ya matofali.

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, baada ya sala ya alfajiri, mzee wetu anayefungua msikiti alitushika mkono akasema, "Katibu, paa linavuja tena." Tukashuka naye. Katika kiungo cha bomba la moshi matone yalikuwa yakidondoka, moja baada ya jingine, na sakafuni palikuwa na kidimbwi chenye rangi ya kutu. Nje kulikuwa na baridi kali na anga lilikuwa safi. Hapakuwa na mvua, wala theluji iliyokuwa ikiyeyuka. Hilo peke yake lilitosha kutuzindua. Sisi tulileta ndoo, tukaiweka chini ya matone, tukafuta sakafu, kisha tukaandika katika daftari la kamati: paa litazamwe baridi ikipungua. Ndoo ile ilikaa pale wiki tatu.

Moto wa gesi huzaa maji

Yeyote apikaye kwa gesi amekwisha kuyaona maji haya, ila pengine hakuyatilia maanani. Ukiteleka sufuria ya maji baridi juu ya moto wa gesi, katika dakika ya kwanza utaona sufuria kwa nje imetoka jasho. Jasho hilo halikupenya kutoka ndani ya sufuria, bali limetoka katika moto. Gesi inayoletwa majumbani huku kwa mabomba kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo ndani yake mna kaboni na hidrojeni. Inapoungua, kaboni huchukua oksijeni ya hewani ikawa hewa ya ukaa, na hidrojeni nayo huchukua oksijeni ikawa maji.

Tena maji hayo si haba. Meta moja ya ujazo ya gesi ikiungua huzaa kiasi cha lita moja na nusu ya maji. Hita ya kawaida ya nyumbani, ambayo kibandiko chake huandikwa BTU 40,000 kwa saa, ikiwaka saa nzima hutoa maji yanayokaribia lita 1.7. Hatuyaoni kwa kuwa ni mvuke, na madhali moshi una joto la kutosha, mvuke huo hupanda pamoja nao na kutoka nje juu ya paa. Lakini moshi ukipoa njiani mpaka ukafikia nyuzijoto 55 hivi za Selsiasi, au chini ya hapo ukiwa umechanganyika na hewa ya chumbani, mvuke huanza kurudia hali yake ya maji. Huganda kama umande katika kuta za ndani za bomba, huteremka, na hutafuta kiungo cha kutokea.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mtu anapoona matone haya ni hili: kwa nini moshi umepoa kabla ya kutoka? Sisi hatukuliuliza swali hilo kwa wiki tatu nzima.

Hita iliyoachwa yatima

Jawabu la kwanza katika nyumba yetu lilikuwa limeanza miaka miwili nyuma. Tanuri la zamani la kupashia nyumba joto lilikuwa limechoka, na kamati ikaweka jipya, la aina ile inayonyonya karibu joto lote la gesi. Moshi wa tanuri la aina hiyo hutoka ukiwa umepoa kiasi kwamba hauhitaji dohani. Hupitishwa katika bomba la plastiki lililotobolewa ukutani. Bili ya gesi ilipungua, na sote tukashukuru.

Jambo ambalo hatukuambiwa na waliofanya kazi ile, wala sisi hatukuuliza, ni kwamba dohani ya matofali ilikuwa ikipata joto lake kutoka kwa mitambo miwili. Tanuri la zamani ndilo lililokuwa likiipasha dohani mchana na usiku, na hita ya maji ikipitisha moshi wake mdogo katika njia iliyokwisha kupata moto. Tanuri lilipoondoka, hita ikabaki peke yake chini ya dohani kubwa na baridi. Mafundi wa nchi hii wana jina wanaloiita hita ya namna hiyo: huiita yatima. Na kama ilivyo kwa yatima wa kibinadamu, mwenye dhima naye ni yule aliyebaki ndani ya nyumba.

Kanuni za gesi za Marekani zina kipimo cha jambo hili. Hita moja yenye kofia ya moshi ikitumia dohani peke yake, upana wa ndani wa dohani hautakiwi kuzidi mara saba ya eneo la tundu la kutolea moshi la hita. Tundu la inchi 4 lina eneo la inchi za mraba 12 na nusu hivi. Mara saba yake ni kama 88. Dohani yetu kwa ndani ni inchi 11 kwa 11, yaani inchi za mraba 121. Aidha, pande zake tatu ziko nje ya nyumba na hupigwa na upepo. Moshi mdogo ukiingia katika uwazi mkubwa kiasi hicho katika usiku wa Januari hupoa kabla haujafika nusu ya safari.

Ziko sababu nyingine zinazoweza kuleta maji hayo hayo. Bomba huwa refu mno au lenye viwiko vingi. Au hulazwa pasipo mwinuko. Au hupita katika dari lenye baridi likiwa la bati moja tupu. Matumizi nayo yana sehemu yake. Msikitini watu hutawadha kwa makundi: maji ya moto huisha kwa mara moja, pipa hujazwa maji yaliyo karibu na barafu, na moshi unaopita katikati ya pipa hilo hupoa humo humo ndani. Nyumba yenye watoto wengi wanaooga mfululizo kabla ya kwenda shule huwa na hali kama hiyo.

Kutu, na kilicho kikubwa kuliko kutu

Maji haya si safi kama ya mvua. Hubeba hewa ya ukaa na gesi nyingine za moto, yakawa na asidi ambayo ukali wake unakaribia ule wa maji ya machungwa. Hula bati la bomba mpaka likatoboka. Hula saruji iliyoshika matofali ya dohani. Ukiona chokaa nyeupe imechora michirizi nje ya dohani, au vipande vya matofali vimeanguka chini yake, jua maji yamekwisha kupita humo. Na matofali yanayoangukia ndani yanaweza kuziba njia ya moshi.

Ama lililo kubwa zaidi ni hili. Moshi katika hita za aina hii hausukumwi na feni. Hupanda kwa sababu una joto na ni mwepesi kuliko hewa iliyouzunguka. Ukipoa, nguvu yake ya kupanda hupungua. Ukishindwa kabisa, hurudi chini na kumwagika chumbani kupitia uwazi ulio chini ya kofia ya bati. Chumba kikijaa moshi, moto wenyewe hukosa oksijeni ya kutosha, na hapo ndipo huzaliwa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Wengi hudhani watainusa. Harufu tunayoijua ya gesi hutiwa makusudi na makampuni ili gesi inapovuja ijulikane; gesi ikishaungua, moshi wake hauna harufu hiyo ya kutuonya.

Hatusemi kwamba kila tone ni sumu. Bomba linaweza kutona huku moshi ukiendelea kutoka salama. Lakini moshi uliopoa ndio uletao maji, na moshi uliopoa ndio huo huo unaoshindwa kupanda. Kwa hiyo maji katika bomba la bati yanatujulisha kwamba njia ya moshi ina kasoro, na aliyejulishwa hana udhuru.

Kijiti cha udi na blanketi

Jumapili ya tatu tangu ndoo iwekwe, mwalimu wetu wa madrasa, dada anayewafundisha watoto wadogo, alitusimamisha mlangoni. "Katibu," alisema, "nilikwambia watoto wanasinzia. Leo wawili wamelalamika kichwa, mmoja ametapika. Na mimi mwenyewe kichwa kimeniuma mpaka nilipotoka nje, ndipo kikaacha."

Mara ya kwanza aliposema habari ya kusinzia tulimjibu kwamba watoto wa siku hizi hukesha na simu. Tulimjibu hivyo kwa haraka, na wala hatukushuka kutazama. Safari hii yale maneno yake ya mwisho, kwamba kichwa kimeacha alipotoka nje, yalitushtua. Tuliwatoa watoto wote, tukafungua milango, tukampigia fundi wa gesi mwenye leseni.

Fundi alipofika hakwenda kwanza kwenye matone. Alifunga milango na madirisha kama yalivyokuwa wakati wa darasa, akawasha feni ya chooni na feni ya jikoni, kisha akaiwasha hita na kungoja dakika tano. Halafu akaomba kitu chochote chenye kutoa moshi kidogo. Tulichokuwa nacho karibu ni vijiti vya udi. Akawasha kimoja na kukishika kwenye ukingo wa ile kofia ya bati. Moshi wa udi ulitakiwa uvutwe ndani ya bomba kama mtu anavyovuta pumzi. Badala yake ulipeperushwa nje, ukatujia usoni. Kipimo chake cha mkononi kikasoma chembe 38 za kaboni monoksidi katika milioni, na namba ikawa inapanda. Alifunga gesi, akatuambia sote tutoke.

Sababu ya pili tuliikuta baadaye. Karibu na hita palikuwa na tundu la kuingizia hewa kutoka nje, na ndani ya tundu hilo mlisokomezwa blanketi kuukuu. Ndugu mmoja mwema, ambaye hufagia msikiti bila malipo, aliona baridi ikiingia kwa tundu lile na kuwapiga watoto miguuni. Akaliziba ili kuwahurumia. Hakujua kwamba moto huhitaji hewa ya kuungulia na dohani huhitaji hewa ya kupandisha moshi, na kwamba hewa ikikosa njia ya kuingia, feni za kutolea hewa huivuta kupitia dohani, na moshi hurudi nayo. Hatukumlaumu. Hakuna mtu aliyepata kumweleza kazi ya tundu lile, na mwenye wajibu wa kueleza ni kamati.

Mtu atauliza: je, hamkuwa na kengele ya kaboni monoksidi? Tulikuwa nayo, kwenye ngazi, na ilikuwa nzima. Haikulia. Kwa viwango vya Marekani kengele ya nyumbani ikikutana na chembe 70 katika milioni hutakiwa kulia baada ya saa moja hadi saa nne. Zikiwa chembe 150, kati ya dakika 10 na 50. Zikiwa 400, kati ya dakika 4 na 15. Chini ya 70 inaweza kukaa kimya kwa muda mrefu. Kengele imewekwa kutuokoa na mauti ya haraka, wala haikuwekwa kututhibitishia kwamba hewa ni safi. Iwepo katika kila nyumba, lakini kimya chake kisitufanye tupuuze kichwa cha mtoto.

Wazazi tuliwaambia jioni ile ile. Kulikuwa na mjadala katika kamati. Mmoja wetu alihofia kwamba wazazi watawaondoa watoto na madrasa itafungwa. Hofu yake ilikuwa na msingi, lakini watoto ni amana, na mwenye amana ana haki ya kujua iliyoyapata mali yake, seuze mwanawe. Watoto walipelekwa kwa daktari, na alhamdulillahi hakuna aliyepata madhara ya kudumu. Familia mbili hazijarudi mpaka leo, na hatuna la kuwalaumu. Safu hii ni sehemu ya deni tunalowalipa.

Tiba iliyofanywa

Kazi ilichukua siku mbili, kwa kibali cha jiji na ukaguzi wa mwisho. Ndani ya dohani liliteremshwa bomba la chuma kisichoshika kutu, la upana ufaao hita ile peke yake, kutoka juu ya paa hadi chini, na juu yake kikawekwa kifuniko cha kuzuia mvua na ndege. Bomba la bati moja lililotoka kwenye hita liliondolewa, likawekwa la kuta mbili: alumini ndani, bati nje, na hewa katikati ya kulinda joto. Bomba hilo likapewa mwinuko wa sentimeta mbili hivi kwa kila meta moja kuelekea dohani, na kila kiungo kikafungwa kwa skurubu tatu. Blanketi likatoka, na juu ya tundu la hewa tukaandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, Kisomali na Kiingereza: USIZIBE.

Ilikuwako njia nyingine, ya kununua hita yenye feni inayosukuma moshi wake nje kupitia ukutani, au hita ya umeme isiyokuwa na moshi kabisa. Kwa nyumba ambayo hita yake imezeeka, huenda njia hizo zikawa na nafuu zaidi kuliko kutengeneza dohani. Jambo hilo mtu apige hesabu pamoja na fundi wake.

Ambayo hayafai ni haya: kufunga kiungo kwa utepe wa gundi ili maji yasionekane, kulizungushia nguo bomba la bati, ambalo huwa na moto wa kuunguza, na kununua bomba la plastiki dukani na kulipachika kwenye hita ya zamani, ambayo moshi wake una joto la kuliyeyusha.

Si maji yote ni mamoja

Ili tusiwatie watu hofu isiyo na sababu, tutofautishe.

Kwanza, hita mpya, au iliyomwagwa maji na kujazwa upya, huweza kutona na kusikika ikichirizika juu ya moto inapowashwa kwa mara ya kwanza. Pipa ni baridi, na mvuke huganda ndani yake. Matone hayo hukoma maji yakishapata moto. Yakiendelea baada ya hapo, si ya kawaida tena.

Pili, hita ya zamani yenye bomba la bati, inayotona siku baada ya siku, au yenye kutu kwenye viungo, au yenye alama ya masizi au kuungua karibu na kofia yake. Hii ndiyo tuliyoisimulia, na hii haitakiwi kungoja.

Tatu, hita za kisasa zenye bomba la plastiki, ambazo zimeundwa makusudi zipoze moshi na kutoa maji. Hizi bomba lake hulazwa kwa kuinamia hita, ili maji yarudi na kutoka kwa mpira mdogo hadi kwenye mfereji wa maji machafu. Kinachotakiwa hapa ni kuhakikisha mpira huo haukuziba wala haukuganda kwa barafu, na kwamba kikopo cha mawe ya chokaa kinachopunguza asidi, kama kipo, hubadilishwa mawe kwa wakati.

Nasaha kwa wapangaji na wenye nyumba

Wengi wa wasomaji wetu huku ni wapangaji, na mpangaji huogopa kulalamika. Ukiona matone katika bomba la moshi, yapige picha, mwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye tarehe, na utunze nakala. Usitengeneze mwenyewe. Usizibe tundu lolote karibu na hita au tanuri, hata likiingiza baridi, mpaka fundi akueleze kazi yake. Kama watoto wanalala besimenti, wahamishe mpaka njia ya moshi ikaguliwe.

Kabla ya majira ya baridi, jaribu kijiti cha udi kama alivyofanya fundi wetu: feni na mashine ya kukaushia nguo zikiwa zinafanya kazi, madirisha yakiwa yamefungwa, na hita ikiwa imewaka dakika tano. Moshi ukivutwa ndani, hiyo ni dalili njema, ingawa haiondoi haja ya fundi kuja kila mwaka. Moshi ukirudishwa, zima hita, toka nje na watoto, upige simu.

Weka kengele ya kaboni monoksidi katika kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Kengele nazo huzeeka. Nyingi huisha kati ya miaka 5 na 10, na tarehe huandikwa nyuma yake. Ikilia, au watu wa nyumba wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja kisha wakapata nafuu wakitoka, msikae kushauriana. Tokeni nje, mhesabiane, mpige 911. Asiyejua Kiingereza aseme "Swahili" na angoje. Vituo vingi vina wakalimani kwa njia ya simu.

Na kwa ndugu zetu wa Nairobi, Arusha na miji mingine ya baridi Afrika Mashariki, ambako zimeenea hita ndogo za gesi ya mtungi za kupashia maji ya kuogea: kwenu umande wa bomba si tatizo kubwa, lakini moshi ni ule ule. Hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje haina mahali ndani ya bafu lililofungwa. Mtu anayeoga humo akianguka, wenziwe hawasikii sauti yoyote.

Kuihifadhi nafsi ni moja ya makusudio matano ya Sharia, nasi tulisomeshwa hivyo chuoni kwa dalili na hoja. Hatukuwa tumefikiri kwamba siku moja utekelezaji wake utakuwa ni kushuka ngazi kumi na mbili na kutazama bomba. Ndoo ile tumeiacha pale pale kando ya hita, tupu, ili kila anayeingia atuulize imewekwa kwa ajili gani, nasi tumweleze.